Jozi ya Tatu

Asubuhi hiyo maziwa yaliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango, na mpika bia alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka kwenye jiko. Tangu ile homa, mwezi wa tano sasa, pua yake ilikuwa pambo tu usoni. Hakumwambia mtu, hata mdogo wake wa kiume waliyerithi naye kiwanda. Bia alizipika kwa kumbukumbu na kwa dua.

Saa nne mtaalamu alikuwa amekwisha keti mbele yake, kwenye meza iliyobanwa katikati ya mapipa. Huyu ndiye aliyezichagulia hoteli bia za kunywewa pamoja na wiski. Akitia saini mkataba, kiwanda kimepona. Asipotia, Ijumaa wanafunga, na watu sita wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mdogo wake, aliyetakiwa kumimina, alikuwa amekwama njiani na pancha.

"Tuanze tu, dada," mtaalamu alisema. "Bia nitaonja. Wiski nitanusa tu, daktari amenikataza vikali."

Mpika bia akashusha chupa tatu za wiski kutoka kwenye rafu, zilivyokuwa zimepangwa tangu mpiga picha wa matangazo alipoondoka juzi. Akamimina mwenyewe, bia na wiski, jozi tatu. Mungu wangu, nisitiri, aliomba kimoyomoyo.

Mtaalamu aliinua glasi ya kwanza, akafumba macho. "Wewe unasikia nini? Anza wewe."

Mtego huo, aliwaza. Akajikaza, akataja alichokikumbuka: asali na ganda la chungwa.

"Asali," mtaalamu akaafiki polepole. "Na chungwa, naam. Nalisikia kwa mbali."

Jozi ya pili ikaenda vivyo hivyo. Mtaalamu alimtanguliza yeye, kisha akatulia kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi mvivu ajikwae.

Ikabaki ya tatu: bia nyeusi na ile wiski inayonukia moshi. Mpika bia aliizamisha pua ndani ya glasi mpaka karibu iguse kinywaji. Hakuna kitu. Angekuwa peke yake angelia.

"Moshi wa kuni," alisema. "Na zabibu kavu. Bia ina ukali wa kahawa, ndio unaoupokea ule moshi."

Mtaalamu alinusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu mno, na mpika bia akaanza kuwafikiria wale watu sita, mmoja mmoja. Ndipo mtaalamu akapiga meza kwa kiganja.

"Moshi! Dada, moshi huu umekaa mahali pake! Hii bia na hii wiski ni chanda na pete. Miaka ishirini katika kazi hii sijakutana na jozi kama hii."

Akavuta karatasi, akatia saini ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Mpika bia aligeuka upande afute machozi. Za mwizi ni arobaini, hilo alilijua, lakini leo haikuwa ya arobaini.

Nje ya geti ilisikika pikipiki ya mdogo wake. Mpika bia akaanza haraka kuondoa vitu mezani. Alipoinua chupa ya tatu kuirudisha juu ya rafu, kitako chake kikamwelekea mtaalamu, na kalamu ikasimama katikati ya ukurasa wa tatu.

Mpika bia akaigeuza chupa aone kinachotazamwa. Chini yake palibandikwa kikaratasi, mwandiko wa mdogo wake: YA KUPIGIA PICHA TU. CHAI YA RANGI.

Walitazamana. Nyayo za mdogo wake zilikuwa zimefika mlangoni. Mtaalamu akainama mezani, uso umemparama, akamshika mkono.

"Nisitiri, dada," alinong'ona, "nami nikusitiri."