Madoa ya Kokuhirwa

Picha za ubongo wa Kokuhirwa zilibanwa kwa vibanio vya nguo kwenye dirisha la duka la Kanubhai, mjini Bukoba, na kila aliyeingia kununua chumvi alizitazama kwanza.

"Hapa mnaona madoa meupe," alisema Pradip, mtoto wa Kanubhai, aliyekuja likizo kutoka London. "Haya yaliyozungushiwa mstari mwekundu. Kompyuta ndiyo iliyoyazungushia, si mtu."

Kokuhirwa, fundi cherehani wa baraza la duka hilo hilo, alikaa kwenye kigoda na fimbo magotini, akiukagua ubongo wake kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Ugonjwa ulimwanzia kwenye jicho moja. Likaingia ukungu, likapona. Mkono ukafa ganzi, ukapona. Kisha miguu, nayo haikupona. Kagera ya wakati huo haikuhitaji daktari. Mtu akiyumba barabarani, mji mzima ulikuwa umeshampima. Wakasema ni ugonjwa ule wa Ukimwi. Tena wakasema ameutafuta yeye mwenyewe huko mjini, maana mumewe Ildefons, mkulima wa Ijumbi kule Muleba, alijulikana kwa woga. Si ndiye aliyekataa katakata kumrithi mjane wa kaka yake Mujuni, ugonjwa huo huo ulipommaliza Mujuni, mpaka wazee wa ukoo wakanuna? Mtu mwoga namna hiyo angeutoa wapi?

Ildefons mwenyewe hakumlaumu. Kila mkewe aliporudi kijijini, aliendelea kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. "Kama unao, na mimi ninao," alimwambia. "Tutakwenda pamoja." Kokuhirwa alimpenda kwa neno hilo mpaka kifua kikamuuma.

Kanubhai ndiye aliyemsimulia mwanawe kwenye simu habari za fundi wake. Pradip akachangamka kupita kiasi. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa inaifundisha kompyuta kutafuta madoa ya ugonjwa mmoja wa ubongo. Akaomba Kokuhirwa apelekwe Nairobi kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na picha zitumwe kwake.

Huko Nairobi walimpima na damu. Ikawa safi. Wakarudia, ikawa safi.

Mwingine angekwenda moja kwa moja kumwambia mumewe. Kokuhirwa hakwenda. Alirudi Bukoba, akapewa chumba cha nyuma ya duka, akasubiri majibu ya London. Aliwajua watu wake. Damu safi wangesema kipimo kimekosea. Alitaka kwanza apate ugonjwa mwingine, wenye picha yake, ndipo aende Ijumbi. Hakutaka kumpa Ildefons tumaini la nusu. Mvua za masika zikaanza, zikaisha, yeye yuko pale pale.

"Madaktari wenzangu walibisha," Pradip aliendelea. "Vitabu vyao vinasema Mwafrika hapati ugonjwa huu. Lakini kompyuta haikuambiwa mgonjwa anatoka wapi. Ilipewa picha, ikatafuta madoa."

"Basi ndiyo ya kwanza kunipima bila kuniuliza kwetu ni wapi," alisema Kokuhirwa. "Unaambukiza?"

"Hapana. Kinga ya mwili wako mwenyewe inakosea, inatafuna ganda la neva zako."

"Dawa yake?"

"Ya kuuponya haipo. Miguu hiyo inaweza isirudi kama zamani. Pole sana, Mama."

Kokuhirwa akapiga vigelegele. Kanubhai, ambaye hajawahi kumpa mtu soda ya bure hata siku ya Diwali, akafungua kreti nzima. Ndivyo duka lile lilivyosherehekea ugonjwa usio na dawa.

Pradip alimpeleka Ijumbi siku hiyo hiyo kwa pikapu ya baba yake. Njia nzima Kokuhirwa alizikumbatia picha zake na kucheka peke yake.

Ildefons alikuwa kibanjani, anakata majani makavu ya migomba. Kokuhirwa hakusubiri kusalimiwa. Alijikongoja na fimbo yake, akainua picha moja kwenye jua.

"Sina!" alisema. "Ildefons, waitu, mwenzangu, sina! Ni ugonjwa mwingine kabisa, haumwambukizi mtu. Damu wameipima mara mbili. Na kama mimi sina, wewe ungeutoa wapi? Tutazeeka, mume wangu!"

Ildefons aliipokea picha. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, na Kokuhirwa akalia kwa furaha kumwona hivyo.

"Damu walipima lini?" aliuliza.

"Kabla ya masika. Nilitaka nije na picha, wasije wakabisha."

Ildefons akakaa chini, juu ya majani aliyoyakata.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Alitoka Immakulata, mjane wa Mujuni, amekonda zaidi ya alivyokuwa msibani, na maji ya kunywa kwenye kikombe. Kokuhirwa akampokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa moyo wote kwa kuja kumpikia Ildefons wakati yeye hayupo. Immakulata aliinamisha macho, akarudi ndani.

"Hakuja kupika," alisema Ildefons. "Wazee walirudi katikati ya masika. Niliwaambia bado naogopa. Wakanionea huruma, wakaniuliza, na mke wako alivyo sasa, unaogopa nini tena?"