Buti za Mwanaume wa Buffalo

Zéphyrin mwenyewe anakubali: siku ile mjinga alikuwa yeye. Lakini saa nne asubuhi, akiwa amechuchumaa nyuma ya makoti katika duka la viatu kule Hilliard, alijiona mpelelezi wa kimataifa.

Wiki nzima mkewe, Laurentine, alikuwa akinong'ona kwenye simu. Asubuhi hiyo alichukuliwa na rafiki yake Dative bila kusema anakwenda wapi. Zéphyrin akawafuata kwa gari la Laurentine, lenye petroli ya Laurentine.

Viatu vyake vya ngozi inayong'aa, vyenye ncha kama kalamu, vilikuwa vimelowa theluji hadi soksi. Buti hakuwa nazo. Buti, alizoea kusema, ni za watu wa kubeba maboksi, na yeye kule Bukavu alikuwa mtu wa ofisi. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili Columbus, Marekani. Kazi tatu za ghala alizikataa kwa hoja hiyohiyo, na zote alizikataa amelala kwenye kochi. Nadine, binti yao, alishaacha kuuliza baba anafanya kazi gani.

Sasa Laurentine alikuwa ameshika buti ya kiume, anaipima uzito kiganjani kama mtu anayenunua nyama.

"Mama Nadine, chukua hii nzito," alisema Dative, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania na asiyependa kupotezewa muda. "Imara. Hata trekta haiivunji."

"Aa, hapana. Kule hana gari, atatembea na miguu. Ikiwa nzito, atasema amechoka. Nataka nyepesi, lakini ya moto. Baridi ya Buffalo inakata watu vidole."

Buffalo! Mji wa mbali, kaskazini! Zéphyrin akapenyeza sikio katikati ya makoti.

Laurentine akachomoa mkobani uzi wenye fundo, akaunyoosha ndani ya buti. Zéphyrin akaing'ata kola ya koti lililokuwa mbele yake, koti ambalo hakuwa amelinunua. Kwao ndivyo mtu anavyonunuliwa viatu akiwa hayupo: mguu wake unapimwa kwa uzi. Maana yake huo mguu, mke wake alishaushika.

"Ongeza namba moja," Dative alisema. "Soksi nene zikibana, damu haitembei, mguu unaganda humohumo ndani."

"Bon, namba kumi basi."

Habari ya soksi ilimpita Zéphyrin. Alichosikia ni kumi. Yeye huvaa tisa. Upelelezi ulikuwa umekamilika.

Alitoka nje, akampigia kaka yake mkubwa, Bahizire, anayefanya kazi kiwandani huko Buffalo.

"Mukubwa! Iko mwanaume huko kwenu, bibi yangu anamuvalisha!"

Bahizire akauliza, "Anamuvalisha nini?"

"Buti! Za moto, nyepesi, namba kumi. Donc, nakuomba unisaidie na huyo mutu."

Bahizire aliguna kama mtu aliyetwishwa gunia. "Usiogope. Huyo nitamuangalia mimi mwenyewe. Kila siku."

Zéphyrin akatulia. Ndugu wa damu ni ndugu wa damu. Akawahi nyumbani, akavaa suti yake ya harusi za watu, akasimama katikati ya sebule kama hakimu.

Laurentine aliingia na boksi kwapani.

"Nani?" Zéphyrin alinguruma.

"Nani nini?"

"Mwenye hizo buti! Najua yote, Laurentine. Buffalo! Namba kumi! Uzi! Leo leo nakurudisha kwa baba yako Louisville, na mtaa wao wote wa Highview utajua juu ya nini nimekurudisha!"

Laurentine alitazama vile viatu vyenye ncha, kisha dimbwi la maji lililokuwa limeenea kwenye zulia.

"Ulitufuata na hivyo?" Akaliweka boksi mezani. "Ni zako, Papa Nadine. Vaa."

"Zangu?"

"Nilikupima ukilala. Sikukuwa na haraka, nafasi ilikuwa nyingi."

Hakimu akakaa chini. Akapokea soksi nene, akaingiza mguu wa kwanza, kisha wa pili. Zilimkaa kama zilishonwa juu yake. Ndani kulikuwa na manyoya, na joto likampanda hadi magotini. Na wepesi! Alikwenda kutoka kochi hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kochi, safari ndefu kuliko zote alizofanya mwezi ule kwa miguu yake.

"Nimekusamehe," akamwambia mkewe.

"Asante," alisema Laurentine.

Akajigeuza mbele ya kioo, akainua mguu mmoja, akasoma lebo kwa sauti: digrii arobaini chini ya sifuri. Mwanamke asiyekupenda hakununulii digrii arobaini. Aliona haya kidogo, si nyingi. Tena akaanza kupanga Jumapili atakaa kiti kipi kanisani ili zionekane vizuri.

Kisha ukarimu ukamzidi, akaona amfundishe mkewe matumizi mazuri ya pesa.

"Lakini bibi yangu, hapa ulipoteza. Hizi ni za Buffalo kabisa. Theluji ya hapa inayeyuka hata mbele hatujakula. Juu ya nini buti kama hizi, na sisi tunaishi Columbus?"

"Sisi nani? Columbus tunaishi mie na Nadine. Weye nimekurudisha kwenu, mukubwa wako anakungojea. Basi ya Buffalo inatoka saa nane."