Angalau Hawa Waogope

Binti alirudi na godoro kichwani kwa mara ya tatu, na safari hii hakujisumbua hata kutunga uongo.

"Kazi nimeiacha, Mama."

"Ile ya maktaba? Yenye kiti cha kuzunguka?"

"Kimya cha kule kilikuwa kinanila. Usiku silali, mchana nasikia vichwa vya watu vikifikiri." Akatua godoro. "Kesho naanza kwenu, machinjioni. Wameshanipa buti."

Mama alicheka kicheko kikavu. Miaka yote aliyosimama kwenye kiwanda kile cha kuku, miguu ikivimba, alisimama ili huyu apate kukaa.

"Umerogwa wewe," alisema. "Si bure."

Asubuhi walipita getini pamoja. Mama hakumtazama msimamizi. Hajamsalimia tangu mgomo, na anakumbuka siku waliposalitiwa yule bwana alivaa shati gani. Walidai mengi, wakapewa moja: chumba cha kulaza watoto wachanga wa wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na banda la vifaranga, bure, mpaka mtoto aanze kutembea. Bosi alikubali upesi mno, hata wenyewe wakatazamana. Na kusema haki, chumba kilikuwa kizuri. Watoto walilala fofofo kutwa nzima. Hakuna mama aliyewahi kuitwa aache kazi aende kunyamazisha. Binti huyu ndiye alikuwa wa kwanza kulazwa humo. Ushindi wenyewe ulikuwa huo mmoja, na mama aliushikilia kama wengine wanavyoshikilia shamba.

Bandani, Mama alikofanya kazi ya kuchagua vifaranga, binti alisimama akafumba macho.

"Hapa pazuri, Mama."

"Pananuka mavi ya kuku."

"Hata hivyo."

Vifaranga walikuwa wamejazana chini ya kipaza sauti kilichotundikwa ukutani, kikitoa mvumo wa chini usiokatika. Mama hakuwa akiusikia tena, kama mtu asivyosikia damu yake ikitembea.

"Fundi," aliita, "hiki kidubwasha ni cha nini hasa? Miaka nenda miaka rudi kinanguruma tu."

Fundi wa umeme alikuwa juu ya ngazi, akikaza skrubu. "Sauti ya mkanda unaobeba kuku machinjioni hiyo, dada. Imerekodiwa. Wanasikilizishwa tangu wakiwa ndani ya yai, ubongo ungali mbichi, unajifinyanga kwa kile unachosikia. Wakikua, sauti hiyo ndiyo mama yao. Hujaona kuku wetu hawafukuzwi? Tunafungua mlango tu, wanakwenda wenyewe mpaka kwenye mkanda. Kuku asiyeogopa, nyama yake laini."

"Kumbe ndivyo mnavyowalea."

"Kampuni inawalea. Mimi nafunga waya."

"Hata yule aliyewafungia geti wagomaji alisema yeye anafunga kufuli tu."

Fundi alicheka, akashuka kwenda kutafuta koleo.

Mama alibaki akiwatazama wale vifaranga, wamebanana, wamesinzia, wameridhika. Kisha akamtazama binti yake, buti mpya miguuni, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu arudi. Watu wa kiwanda kile waliacha kugoma zamani. Wanaingia wenyewe, na wakitoka wanashukuru. Basi angalau hawa waogope. Angalau kundi hili moja likifika mlangoni lijue ule ni mlango wa nini.

Akaushika waya kwa mikono miwili, akaung'oa ukutani.

Mvumo ulikatika. Kwa kitambo banda zima lilinyamaza. Kisha vifaranga wakaanza kulia. Na nyuma ya ukuta akalia mtoto mmoja, akafuata wa pili, halafu chumba kizima.

Binti alikuwa amechuchumaa chini, amejikumbatia, meno yakigongana.

"Mama," alisema. "Rudisha. Nakuomba, rudisha."