Vifaranga wa Friji

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja, Mama Vifungo alimfukuza mumewe akanyoe ndevu.

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Kwa wiki tatu Mzee Redio hakutaka kutoka nyumbani hata kwenda kununua dawa, asije akaliacha friji lake peke yake. Lakini siku hiyo, ambayo ndiyo hasa siku mayai yalitakiwa kupasuka, alivaa koti bila kupinga, akasema kweli ndevu zimezidi, akatoka haraka kama kijana mwenye miadi. Mama Vifungo akamshukuru Mungu, akachukua kikapu, akapitia mlango wa nyuma.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri jamani. Mzee alikuwa fundi redio hadi watu walipoacha kutengenezesha redio. Alipofunga kibanda chake alikaa sebuleni mwaka mzima akitazama ukuta, akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Halafu siku moja akaliona friji bovu la jirani, akachangamka. Akalifungia balbu nne, kipimajoto, feni ndogo na bakuli la maji, akapanga mayai thelathini kwenye trei, akalichomeka kwenye soketi ya chumba cha cherehani, maana ndiyo pekee iliyokuwa nzima. Jioni hiyo alipiga mluzi. Mama Vifungo, pini zikiwa mdomoni, nusura alie.

Jirani aliyelitoa friji, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mkali, alicheka mpaka akashika ukuta. Friji lizae? Mzee akamwalika aje siku ya ishirini na moja, saa kumi jioni, ajionee kwa macho yake, na alete mtaa mzima akitaka.

Siku ya kumi na mbili Mzee alilala na homa, akamwachia mkewe kazi ya kugeuza mayai. Mama Vifungo alikuwa na sare hamsini za shule za kupiga pasi. Akachomoa friji, kwa muda mfupi tu, akachomeka pasi. Alipokumbuka ilikuwa kesho yake. Balbu zilikuwa baridi, na mayai vilevile. Akachomeka friji upesi, akanyamaza.

Tangu hapo aibu ilimfanya awe mwingi wa maneno. Aliyasifia mayai asubuhi na jioni, akalishonea friji pazia la maua, akawa ndiye anayehesabu siku kwa sauti. Mzee alimtazama tu akitabasamu.

Siku ya kumi na nane Mzee alijifungia chumbani na tochi ayamulike mayai, aone kama vifaranga wanakua. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema yote mazima, hata moja halijaharibika, kisha akaenda kukaa uani bila kupiga mluzi. Mama Vifungo akajua kwamba macho ya mzee wake yamechoka, na moyo ukamuuma zaidi. Akirudi kwenye ule ukuta wa sebuleni safari hii, nani atamtoa? Ndipo alipokata shauri: vifaranga watatoka, watake wasitake.

Kwa siku tatu alipika mayai kila wakati wa chai, akificha maganda kwenye kopo chini ya cherehani. Cha ajabu, kila alipolichungulia kopo, maganda yalikuwa yamepungua. Akamlaumu paka.

Sasa alikuwa mbele ya duka la vifaranga, akitweta. Aliomba thelathini, wa siku moja. Binti wa dukani akamwambia amechelewa kidogo. Wengi wana mwenyewe, kaweka oda kwa simu tangu juzi na yuko njiani, wamebaki kumi na wanane tu. Mama Vifungo hakubembeleza. Akawafunika kwa kitambaa, akakata mitaa kurudi nyumbani, huku kikapu kikimlilia ubavuni na yeye akikohoa kwa nguvu kila alipopishana na mtu.

Kazi iliyobaki ilichukua dakika kumi. Mayai yote aliyatia kwenye ndoo, akaenda kuyafukia kwenye shimo la taka. Maganda akayatawanya ndani ya friji. Vifaranga akawaweka kwenye trei, wakaanza kukanyagana chini ya balbu kana kwamba wamezaliwa humo. Akafunga friji, akakaa kwenye cherehani, akashona kitu ambacho hakikuwa na haja yoyote ya kushonwa.

Mlango wa mbele ukafunguliwa polepole. Mzee aliingia ubavuubavu, akanyata hadi mlangoni mwa chumba cha cherehani, akashtuka kumkuta mkewe humo.

"Nilidhani uko sokoni," akasema.

"Njoo," Mama Vifungo akamwambia. "Njoo uone kazi ya mikono yako, mzee wangu."

Akafungua friji. Vifaranga wote kumi na wanane wakapaza sauti. Mzee akatazama trei, akatazama pazia la maua, akamtazama mkewe, mdomo wazi, machozi yakimlengalenga. Mama Vifungo alifurahi hata akasahau sare, pasi na usiku wote aliolala macho. Akanyoosha mkono ampanguse shavu, na ndipo alipoona kwamba ndevu ziko vilevile kama alivyoondoka nazo.

Chini ya koti la Mzee kulikuwa na boksi lenye matundu, na boksi lile likaanza kuwaitikia wale wa kwenye friji.