Jani Kwenye Plasta

Daktari Tuulikki alikuwa akiusogeza mguu wa mzee ndani ya duara la sumaku alipoona jani dogo limenasa ukingoni mwa plasta ya paja. Alilijua. Ni la yale matawi ambayo watu wa kwao hujipigia mwilini wakiwa ndani ya sauna, chumba cha mvuke wa moto.

"Mzee, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Saunani. Ulidhani wapi? Kwani wewe hukwenda?"

Alikwenda. Kila mtu alikwenda, kama kila Jumamosi.

Wiki iliyopita alimpandikizia chini kidogo tu ya ngozi, kando ya uvimbe wa saratani, kitu chembamba kama njiti ya kiberiti, ganda lililojaa dawa. Leo sumaku ingekipasha moto, ganda liyeyuke, na dawa yote iuvamie uvimbe ukiwa umelegezwa na joto. Ganda likiyeyushwa mapema na joto lingine, dawa ingepita bure, na mwili wa mzee usingehimili dozi ya pili.

Karatasi ya masharti aliiandika Tuulikki mwenyewe. Alikataza maji ya moto. Alikataza blanketi la umeme. Sauna hakuitaja, haikumjia kabisa akilini, kama vile mtu asivyokumbuka kumkataza mwenzake kupumua.

"Nilikaa benchi la juu kabisa, kwenye moto wenyewe," mzee alisema kwa majivuno. "Nilitaka nikujie nikiwa msafi."

Tuulikki alilibandua jani taratibu, akalifumbata.

"Haya, washa basi, binti yangu."