Sauti Anayoijua Mtoto

Hii ni kweli tupu, haina chumvi hata punje: mtoto wa siku ishirini alimuumbua mzee wa miaka sabini.

Bi Zume, mkandaji wa mzazi, alikuwa amekataza wanaume kumbeba mtoto mpaka arobaini, kwa kuwa shingo bado laini. Shebe, baba mtu, alihofu bintiye hatamjua.

"Anakujua," aliapa babu, Mzee Nondo. "Jana ulipopiga hodi alitembea mpaka mlangoni."

"Haya, Shebe, mwite," alisema Bi Zume. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya miguu ya mkandaji huyo, mgongo ukimeremeta mafuta ya nazi.

Shebe akaita. Mtoto kimya. Mzee Nondo akakohoa tu, na kile kichwa kikainuka, kikayumba, kikamgeukia yeye.

"Mzee, umembeba huyu mara ngapi?" aliuliza Bi Zume.

"Mara moja."

Bi Zume akamkazia macho.

"Kila alfajiri," akakiri. "Namlaza kifuani, namsimulia."

Bi Zume akamsukumia beseni la winda chafu za mtoto. "Utafua zote, mpaka arobaini. Na wewe Shebe, vua shati. Kama babu hakumvunja, nawe hutamvunja."

Mzee akainamia povu. Kifuani kwa Shebe mtoto aliinua kichwa, akasita, kisha akakilaza, sikio juu ya moyo uliokuwa ukienda mbio.