Glavu za Urvi

Saa kumi kamili jioni, siku ya Jumapili, Urvi alikuwa amesimama jikoni na glavu za mpira mikononi, mbele ya sufuria ya maji ya mnanaa, kama daktari anayesubiri mgonjwa.

"Dole gumba lako nisilione," alisema mama yake, Ranjanben. "Puri unaitoboa kwa kijiko, unatia maji kwa kijiko. Na usithubutu kumalizia na ile kavu."

"Mama, kila mtu humalizia na ile kavu."

"Kila mtu wa barabarani! Nani kakwambia mgeni wa sebuleni hupewa nyongeza? Ukimpa tu, kwisha habari yetu."

Puri ni kiduara kikavu cha kukaanga, chenye uwazi ndani; muuzaji wa barabarani hukitoboa kwa dole gumba, akakijaza kiazi na maji ya mnanaa. Ile kavu ni puri ya mwisho, isiyotiwa maji, ina kiazi na chumvi tu. Muuzaji humpa mteja bure akishamaliza sahani yake. Huko Vadodara mtu anaweza kusamehe deni, lakini hasamehi kunyimwa ile kavu.

Ranjanben alikuwa na sababu ya kuogopa. Marehemu mumewe, Kanubhai, alisukuma mkokoteni wa pani puri maisha yake yote. Familia mbili zilizokuja kumtazama Urvi ziliambiwa hivyo, na nyota za wachumba zikagoma kupatana siku hiyohiyo. Kwa hiyo safari hii mshenga aliambiwa kwamba marehemu alikuwa kwenye biashara ya vyakula na vinywaji. Haukuwa uongo. Vyakula vilikuwa puri, vinywaji vilikuwa yale maji.

Safari hii pia Urvi mwenyewe alikuwa anamtaka kijana. Alishakutana na Parthiv mara mbili, na mara zote mbili wahudumu wa mgahawa ndio waliowaondoa, wakitaka kufunga.

Kilichobaki kilikuwa mama wa kijana. Alikuwa amemtuma mshenga aseme kwamba hataki chai wala sambusa. Anataka pani puri, za nyumbani, kwa mkono wa binti mwenyewe.

"Ni mtego," Ranjanben alisema, na kwa wiki nzima akamfundisha bintiye uzembe. Haikuwa kazi rahisi. Urvi alijua kutoboa puri kabla ya kujua kuandika jina lake.

Wageni walifika wakiwa watatu: Parthiv, baba yake, na mama yake, Madhukantaben. Baba alikuwa mstaafu wa serikali. Alizungumza alipoulizwa tu, na hakuulizwa.

"Nyumba safi," alisema Madhukantaben, akipitisha kidole juu ya kabati ili kuthibitisha. "Mimi uchafu siuwezi. Na kula barabarani ndiyo kabisa. Tulipokuwa chuoni, wenzangu walijazana kwenye mikokoteni kama nzi. Mimi nilikuwa nawatazama tu."

"Ulifanya vyema, dada," alisema Ranjanben.

Urvi akaanza kuandaa. Puri ya kwanza ilipasukia kwenye kijiko. Ya pili ikavuja mezani. Ranjanben alijawa na fahari.

"Binti, hujawahi kushika puri?" aliuliza Madhukantaben.

"Mara chache, mama."

"Inaonekana." Akaitia kinywani nzima, akafumba macho, akayafumbua. "Maji ni baridi mno."

Akala nyingine. "Ukwaju haukutosha."

Akala nyingine tena. "Hivi vitu si vizuri kwa tumbo," alisema, akisogeza bakuli lake mbele lijazwe.

Parthiv na baba yake walikuwa wameshashiba na kunawa. Madhukantaben aliendelea kulalamika kwa bidii, na sufuria ikaendelea kupungua. Kisha akainua macho kwenye picha ukutani, iliyovishwa shada la maua ya sandali. Kanubhai alikuwa ndani ya suti ya kijivu, ambayo fundi picha alimshonea kwa kompyuta mwezi mmoja baada ya kufa.

"Huyu ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Suti imemkaa." Akaitazama muda mrefu kuliko heshima inavyodai. "Biashara ya vyakula, mshenga alisema."

"Na vinywaji," alisema Ranjanben.

"Alikuwa na matawi mangapi?"

"Moja tu, dada. Lakini wateja hawakukatika."

Madhukantaben akafuta midomo kwa ncha ya sari. "Baba Parthiv, shukeni mkawashe gari. Nina neno na hawa."

Mstaafu akainuka bila swali. Parthiv alimtazama Urvi, akamtazama mama yake, akatoka. Nyayo zao zilipokwisha kwenye ngazi, Madhukantaben aliufunga mlango kwa komeo.

Ranjanben alijua kinachofuata. Alikwisha kukisikia mara mbili, na akaona heri akitangulie.

"Dada, kama nyota za watoto hazikupatana, sema tu. Tumezoea."

"Nyota? Nani kazungumza habari za nyota?"

Hakurudi kwenye kochi. Alikwenda kusimama mbele ya meza, bega moja mbele, kama mtu aliyezoea kujipenyeza katikati ya wengine. Akakusanya sari isiguse maji. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ile kavu, binti," alisema. "Na chumvi nyeusi usinibanie. Marehemu alikuwa ananizidishia."

Saa kumi na moja na robo, Urvi alivua glavu, akachukua puri, akaitoboa kwa dole gumba.